Msiba Usio na Mtani

Glasgow, Jumapili

Baba yangu,

Shikamoo. Barua hii nataka uisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee kwa sauti. Mguu unaendeleaje? Mama aliniambia umeanza tena kwenda msikitini bila mkongojo. Nimefurahi, lakini uende polepole, ile njia ya Mabawa mvua ikinyesha mnaijua wenyewe. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa baridi ya huku haina adabu. Inamuingia mtu mpaka kwenye meno.

Juzi uliniuliza kwenye simu kwa nini nahama kwa Bi Moira, nikakwambia mtandao mbaya, nikakata. Nisamehe Baba, mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Lakini simu ya nyumbani mnaiweka spika, na kila anayepita ukumbini anatia neno lake. Hili jambo sikutaka litiwe maneno. Kuna dada mmoja wa Muheza anakuja huko likizo, ndiye atakayekuletea bahasha hii.

Unajua kwamba tangu nilipopata kazi ya kufua mashuka ya hospitali ninakaa chumba cha juu kwa Bi Moira na mumewe Mzee Aleki. Watu wazima, watoto hawakujaaliwa. Nilichokuwa sijakueleza vizuri ni kwamba Mzee Aleki alikuwa mtu wa Buluu. Na mimi, binti yako, nilipofika mji huu nikaambiwa una timu mbili, moja ya kijani na moja ya buluu, sikuuliza swali la pili. Kijani ndiyo rangi ya timu yako, nami nimelelewa ndani yake. Basi nikawa Kijani siku hiyo hiyo, kabla hata sijamjua mchezaji mmoja.

Na sijajuta. Sisi tunacheza mpira, Baba. Wale Buluu wanacheza kama watu wanaohamisha kabati: wanasukumana, wanapigiana kelele, likifika mlangoni wanashangaa halipiti. Wakishinda, wanasema ni uwezo. Wakifungwa, refa. Mimi refa simsemi hata kidogo, ingawa yule wa mwaka jana Mungu anamuona.

Lakini kuna kitu kilinitia unyonge tangu mwanzo. Watu wa huku hawana utani, wana uhasama. Wanaingiza mambo ya makanisa na ya mababu waliokufa zamani. Kazini kuna mtu hanywi chai kwenye kikombe cha kijani, anakisukuma hivi kwa kidole kama kimeguswa na panya. Mwenzangu mmoja aliwahi kunishika mkono akaniambia mtandio huu wa kijani, mama, mtaa ule usipite nao. Nikajiuliza, sasa hawa wakifiwa inakuwaje?

Mzee Aleki peke yake ndiye alikuwa na damu ya kwetu. Siku ya kwanza aliponiona na mtandio wa kijani alisema, "Ningejua, nisingekupa ufunguo." Nikamjibu, "Ningejua, ningekuja na dawa ya kupulizia wadudu." Alicheka mpaka akakohoa. Toka hapo tukawa watani. Wakitufunga, nikirudi kutoka kazini nakuta skafu ya buluu imefungwa kwenye kitasa changu, na yeye amesimama chini ya ngazi ananipa pole kama nimefiwa. Tukiwafunga, nampelekea chai na kumuuliza kama anaweza kuishika mwenyewe au nimnyweshe. Bi Moira mpira ulikuwa haumhusu. Ukianza tu, anakwenda jikoni anafungulia redio kwa sauti kubwa, na kutuacha tutukanane.

Mzee Aleki alifariki baada ya ugonjwa mfupi. Alilazwa hospitali ile ile ninayofulia, na siku ya mwisho aliyoweza kusema alinitazama akasema mashuka yenu yanawasha, mnafua kama mnavyocheza. Mungu amrehemu kwa rehema zake. Nililia, Baba, nililia kwelikweli.

Siku ya maziko tulirudi nyumbani kutoka makaburini, watu wakajaa sebuleni. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Unakumbuka msiba wa Baba Mkubwa kule Pongwe. Bibi amekaa, hali, hasemi, macho makavu. Akaingia Mzee Mbwana, mtani wako wa Usagara, kavaa koti la marehemu, anatembea kwa ule mwendo wake wa kuburuta ndala, anakohoa kile kikohozi, anauliza nani amekula muhogo wake. Bibi alicheka mpaka akalia, na alipomaliza kulia akaomba uji. Na ni huyo huyo Mzee Mbwana aliyekuwa amechimba kaburi tangu asubuhi. Ndivyo ninavyojua mimi msiba ulivyo.

Sasa tazama sebule ile. Watu wameshika vikombe, wananong'ona kuhusu hali ya hewa. Bi Moira yuko kwenye kiti, mikono mapajani, anawashukuru kila wanapomwambia pole, kama karani. Hakuna anayelitaja hata jina la marehemu. Nikasema moyoni, mtu huyu anasindikizwa kama hakuwa na watu. Mtani wake ni nani hapa? Nikatazama huku na huku. Mtani wake ni mimi.

Nikatoka ukumbini nikachukua koti lake na kofia yake ukutani. Nikarudi kwa mwendo wake, kile kifua mbele na goti la kushoto halikunjiki. Nikasimama katikati, nikamtukana refa kwa sauti yake. Halafu nikasema, "Nimefika huko juu. Nyasi zote ni kijani. Nikawaambia mimi hapa sikai, nirudisheni."

Kwetu pale watu wangelala chini kwa kicheko. Huku, Baba, nilisikia saa ya ukutani.

Bi Moira alinyanyuka, hakunitazama, akapanda juu chumbani kwake. Mpwa wa marehemu, jamaa mkubwa mwenye shingo nene, akanivua lile koti kwa mikono yake. Akaniambia, "Nyinyi watu wa Kijani mmekuja kumcheka mpaka huku? Mmeshindwa kumngoja hata apoe?" Nikaanza kueleza, kwetu ndivyo tunavyomuaga mtu, lakini Kiingereza chote kilinikimbia. Akaniambia mwezi ukiisha niwe nimeondoka.

Niliumia. Kuhama ni kuhama tu, vyumba viko. Kilichoniuma ni kwamba nitatoka nyumba ile nikiwa na jina la mtu aliyemcheka maiti, na Bi Moira ataishi na picha hiyo ya mimi. Mwanamke aliyenisubiri na supu kila nilipotoka zamu. Tangu siku hiyo tukikutana kwenye ngazi ananiambia habari za asubuhi, basi. Nilijaribu mara moja kumweleza. Akasema, "Si leo, Mwantumu." Kesho yake nikaogopa kuuliza kama ndiyo leo.

Na nisikufiche, kuna siku nilikasirika. Nikasema hawa ndio watu gani, mtu wao wamemzika kimya kimya kama mwizi, halafu mwenye makosa ni mimi. Nikapata chumba kwingine, nikaanza kufunga mizigo.

Sasa jana ilikuwa mechi ya watani, Kijani na Buluu. Nilikuwa nihame leo. Nimekaa juu ya sanduku langu, nasikiliza kwenye simu, sauti nimeiteremsha. Tukafunga bao la kwanza. Bao zuri, Baba, siku nyingine nyumba ingetikisika. Nikanyamaza. Wakasawazisha, mpira wa kona, kusukumana kama kawaida yao. Nikanyamaza. Dakika za mwisho wakatufunga la pili, na safari hii hata mimi nakiri refa hakuwa na kosa. Nikazima simu.

Nikasikia hatua kwenye ngazi. Bi Moira huwa hapandi ngazi zile, magoti yake hayamruhusu. Akafika mlangoni, anahema, kashika fremu. Akatazama mizigo, akanitazama mimi.

Akasema, "Mbona kimya? Na wewe umekufa?"

Alilisema lile neno kama mtu anayeonja pilipili kwa mara ya kwanza. Halafu akaongeza, polepole, "Timu yako inacheza kama akina mama wa kwaya. Na mimi niko kwenye hiyo kwaya, najua tunavyokimbia."

Baba, mimi kufungwa sikupendi, unanijua. Lakini wallahi nilicheka mpaka nikateleza kwenye lile sanduku, na yeye akacheka, na baadaye kicheko kikawa kilio kwa sote wawili. Akakaa kitandani. Ndipo nikapata nafasi ya kumweleza. Nikamwambia kwetu mgeni hawezi kufanya vile, mgeni anatoa pole na kwenda zake. Anayeruhusiwa kucheka ni yule ambaye mkiisha kucheka ndiye atakayebaki kuosha vyombo.

Akaniambia, "Ulivyoingia na lile goti, nilidhani ni yeye. Nilifurahi kabla sijakumbuka. Ndiyo maana nilitoka, nilijionea aibu."

Nikamuuliza kuhusu mpwa wake. Akasema mpwa ana nyumba yake, hii si yake, na amekwishamwambia hivyo kwa maneno ambayo mzee asingeamini kwamba mkewe anayajua. Kisha akawa anakunja na kukunjua pindo la sketi yake.

"Miaka yote hiyo mpira ukianza nilikwenda jikoni," alisema. "Sasa nani atakutukana wewe? Itabidi nijifunze."

Basi Baba, sihami. Leo asubuhi nimerudisha nguo kabatini, naye amenipigia kelele kutoka chini kwamba chai ya walioshindwa inapoa. Utani huo ameukosea kidogo, hakungoja nishuke aone uso wangu kwanza, lakini atajua.

Nisalimie Mama, mwambie viungo vya pilau vimefika na majirani wote wamenusa. Msalimie Shangazi wa Pongwe na goti lake. Wadogo zangu waambie wasome, na yule wa mwisho aache kuchukua simu yako. Mzee Mbwana umpe salamu za pekee, kisha umuombe, kwa heshima zote, akuandikie yale anayokutukana nayo timu yako ikifungwa, uniletee. Yale ya adabu tu. Huyu ni mama wa watu, na ndiyo kwanza anaanza.

Mwanao anayekupenda, aliyefungwa mbili kwa moja na ana furaha,

Mwantumu