Mgongo wa Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Juni. Kitale

Ukungu tena. Mabati yameloa, tumekunywa chai chini hadi jua likatoka. Kamau, msimamizi wetu, ameleta sheria mpya: hakuna kupanda paa la ghala kabla mwenzako hajakukagua. Avute mikanda ya hanesi ya kuzuia kuanguka, ashike pete ya mgongoni, ahakikishe kulabu ya kamba imejifunga hapo. Akatupanga wawili wawili. Mimi na Baba.

"Nyinyi si ni watu wa boma moja? Mtachungana vizuri."

Baba ni baba wa mume wangu. Kwetu Bumula baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani, hata mkono hawapeani. Kamau ni mtu wa hapa Kitale, watu wake walitoka Nyeri. Atajuaje? Tukaenda kuchukua hanesi zetu.

Jumanne, 10 Juni

Nimemkagua Baba kwa macho, kwa mbali, kama mtu anayetazama ng'ombe sokoni bila nia ya kununua. Yeye amenikagua akiangalia Mlima Elgon. Kamau akauliza kama tuko tayari. Tukasema tayari. Uongo mtupu. Mikanda ya mbele naikaza mwenyewe. Ya nyuma namwachia Mungu.

Alhamisi, 12 Juni

Usingizi mbaya. Kwa nini nisimwambie Kamau? Kwa sababu mwanamke juu ya paa ni mimi peke yangu, na Baba ndiye aliyeniombea kazi. Nikianza hadithi za ukwe nitarudishwa chini kupitisha mabati. Baba naye anaona haya kutaja mambo hayo mbele ya vijana. Kwa hivyo anajifunga kulabu mwenyewe huko nyuma, anapapasa kama mtu anayejikuna. Iko siku atakosa. Naogopa, basi. Nimeandika.

Ijumaa, 13 Juni

Leo amefunga kamba yake kwenye bomba la maji ya mvua. Bomba! Anajua vizuri kwamba kamba hufungwa kwenye boriti ya chuma. Lakini boriti ilikuwa upande wangu, na ubao wa kupitia ni mwembamba. Angenigusa bega.

Nikamwambia bomba hilo halishiki hata paka. Akakasirika.

"Mama Wekesa, mimi nimepanda paa kabla hujazaliwa."

Nikarudi nyuma mpaka mwisho wa ubao, nikampa njia. Akapita bila kunitazama, akafunga kwenye boriti. Hasira yake naiweza. Msiba wake siwezi.

Jumatatu, 16 Juni. Bungoma

Tumehamia ghala la huku. Paa ni refu na limeinama vibaya. Upepo. Hapa ni nyumbani, kila anayepita barabarani anamjua Baba, kwa hivyo haya imeongezeka. Sikula mchana.

Jumanne, 17 Juni



Baba alikuwa mbele yangu akielekea ukingoni. Nikaona kulabu imeuma kofia ya koti lake. Koti, si pete. Kwa mbali ungeapa amefungwa. Nikaita, upepo ukaimeza sauti. Nikamfuata, nikashika mikanda ya mgongo wake kwa nguvu, nikaitoa kulabu kwenye koti, nikaitia kwenye pete, nikaivuta. Imeshika. Baba aliganda, hakugeuka. Masikio yangu yaliwaka kwa aibu. Nilitamani paa linimeze.

Kabla ya saa sita bati likateleza chini ya mguu wake. Akaenda. Kamba ikakaza, boriti ikalia, Baba akaning'inia nje ya ukingo akipiga mateke hewani. Tulimvuta mimi, Kamau na wengine wawili. Wakati huo sikukumbuka ukwe wala nini.

Alipopata pumzi alimweleza Kamau kila kitu, mbele ya watu wote. Kamau alishika kichwa.

"Ai! Si mngesema tu, bana! Mngekufa hivi hivi?"

Akanipa mwenzangu mwingine, na yeye mwenyewe akawa mwenzake Baba. Maneno machache tu, na tulikuwa tumeyaogopa kuliko kifo. Najichukia kidogo.

Jumapili, 22 Juni. Bumula

Mama mkwe ameniita baada ya kanisa. Njia nzima nilipanga jinsi ya kuomba msamaha. Nimemkuta nyuma ya jikoni akinyonyoa kuku. Hakuinua macho.

"Ati ulimshika Baba mgongo?"

Nikasema nilimshika.

"Ulikaza?"

Nikasema nilikaza sana.

Akaitikia kwa kichwa polepole, akaendelea kunyonyoa, machozi yakimdondoka ndani ya karai. Nikavuta kigoda, nikashika bawa la upande wangu. Tumemaliza kuku pamoja. Ndani, Baba alikuwa akikohoa na kutafuta stesheni kwenye redio.