Kura Yangu Haina Msemaji

Ofisi ya Meya,
Jumatano, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kanali,

Hujambo huko kambini? Goti bado linakusumbua? Wifi yangu na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila mimi nina hasira na sitakuficha.

Nimekusikia redioni Jumapili. Eti mji wetu utatoa fedha zote za maji za mwaka huu zikanunue magari ya deraya, na meya "ni dada yangu, hilo limekwisha." Limekwisha! Nani alikutuma? Baraza halijakaa, mimi sijafungua mdomo, wewe umeshanijibia. Jana muuza mboga wa hapo chini kanipongeza kwa kura ambayo sijaipiga.

Silidharau jeshi. Wiki nzima nimekaa na barua mbili mezani, ya wizara inayotaka hayo magari na ya hospitali inayotaka pampu mpya ya maji. Mpaka unahitaji ulinzi, na wewe ndiye uliye huko, nakuombea kila siku. Lakini tangu pampu ife, maji hayapandi wodi ya wazazi. Wakunga wanabeba ndoo mpaka ghorofa ya tatu, na kitinda mimba wetu ni mmoja wao. Ijumaa kateleza kwenye ngazi, kavunjika mkono. Mama aliyekuwa anajifungua akaoshwa kwa maji ya chupa. Mbona hilo hukulitaja redioni?

Na usiniletee tena ujumbe kwamba nitakuaibisha mbele ya wakubwa wako. Ukiyavulia maji nguo, yaoge.

Leo baraza limekaa. Madiwani wamegawanyika nusu kwa nusu, wote wakanigeukia mimi. Nimekataa. Pampu kwanza. Barua hii anakuletea dereva wangu leo leo, maana magazeti yanatoka kesho na sikutaka ulisikie kwa mtu baki.

Najua kile cheo ulichokingoja miaka yote huenda sasa akapewa mwingine. Nililijua hilo nilipoinua mkono. Limeniuma, wallahi, na bado niliuinua.

Mbusu wifi, waambie watoto shangazi yao anawakumbuka. Kitinda mimba anakusalimu, mkono umefungwa plasta. Mama naye anakusalimu. Mimi hasemi nami tangu mchana.

Mungu akurudishe salama, uje unigombeze uso kwa uso.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Meya