Vidonge Vyangu na Kibuyu Chako cha Maziwa

Mdogo wangu Mama Shija,

Hamjambo huko Ushirombo? Mama anaendeleaje na magoti? Yule ng'ombe mweupe ameshazaa? Mimi huku Geita mzima, ingawa wewe ungependa kusikia vingine. Naandika kwa sababu simu unaikata kila nikifika penye neno. Hii utaisoma yote.

Harusini kwa mwanao Shija ulinitia aibu. Nilisinzia jikoni mwiko mkononi, ugali wa wakwe ukaungua, nawe ukapaza sauti: "Mwacheni tajiri wa Geita alale, dhahabu imemchosha!" Wanawake wote wakacheka. Nimevaa sweta mbili jua linawaka, hukujiuliza kwa nini? Mimi niliyekubeba mgongoni!

Tena uliponiona nameza kidonge changu cha tezi kwa maji matupu, ukaleta kibuyu cha maziwa ya mgando. "Kunywa dada, dawa bila maziwa inatoboa tumbo." Mjinga mimi nikakusikia. Hata niliporudi nikaendelea hivyo hivyo, kidonge na maziwa, kila siku ya Mungu.

Nikaenda kupima damu. Kipimo kimepanda kuliko mwanzo! Daktari akashika kalamu aniongezee dozi. Unajua nani alimzuia? Minza wangu. Ndiyo, Minza yule uliyesema akisomea maabara atapata nini. Kasimama na koti lake jeupe: "Daktari, subiri kidogo. Mama, vidonge unavimezaje?"

Nikasema ukweli. Akacheka mpaka akashika meza, kisha akanichorea kwenye bahasha. Ubongo ndio bosi, tezi ya shingoni ndiyo kibarua. Kibarua akilala, bosi anapiga kelele. Kile kipimo ndicho kelele za bosi. Namba ikiwa kubwa, ujue tezi haifanyi kazi, ndipo usingizi na baridi vinakuandama. Na maziwa yanaishika dawa tumboni, haiingii vizuri kwenye damu. Kumbe nilikuwa nameza bure!

Daktari akaacha dozi ile ile: maji matupu, halafu nikae saa nzima ndipo ninywe chai. "Tungekuongezea leo," Minza akasema, "halafu ukaacha maziwa, moyo ungekwenda mbio." Baada ya wiki sita nikapima tena. Kelele zimepungua, hazijaisha, ndipo daktari akaongeza dozi kidogo tu. Sasa nawasongea wachimbaji ugali tangu asubuhi, sikai chini. Njoo unicheke sasa!

Sijakusamehe. Lakini picha za harusi nimezitazama sana. Mbona kila picha umejizungushia kanga shingoni, joto lile? Kwenye moja imeteleza. Uvimbe nimeuona, Mama Shija. Na Shija ameniambia siku hizi unalala mchana, jembe limekushinda. Wewe uliyenicheka!

Basi salamu zako sizitaki, nakutaka wewe. Panda basi Ijumaa. Minza atakutoa damu kwa mkono wake, na kitanda changu utalala wewe. Nitakusema siku tatu mfululizo, uvumilie.

Mama mpe shikamoo yangu. Shemeji Baba Shija mwambie akikuzuia nakuja mwenyewe. Na wifi yetu mkubwa, aliyecheka kuliko wote, mwambie sauti yake bado naisikia.

Kibuyu kiache huko huko.

Dada yako aliyekubeba,
Mama Minza