Kila Mahali Isipokuwa Musanda

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Kakamega. Siku mbili kwenye basi kutoka Tabora, miguu imevimba. Niliondoka huku mwaka 1969 kufuata kazi ya reli. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977 barua zikakoma, na baadaye nami nikaacha kuandika. Miaka hamsini na mitano!

Chrispinus, mtoto wa marehemu mdogo wangu Mathew, niliyempata kwa simu mwezi uliopita akaniambia na mama alishafariki, amenipokea vizuri. Vizuri mno. Amenilaza hotelini. Mimi, Eugene wa Osiako wa Musanda, hotelini! Nimemwambia nataka jambo moja tu: nisimame kwenye kaburi la mama kule Musanda, Ijumaa nirudi zangu. "Tutaenda tu, baba mkubwa. Kwanza utembee, uone vile kwetu kumeendelea."

Jumanne, 13 Agosti

Kiwanda cha sukari. Wamenivika kofia ngumu kama mhandisi. Binti mmoja, Mitchel, ametutembeza — miwa inakatwakatwa, inakamuliwa, makapi yanachomwa kuchemshia maji. Kelele! Harufu tamu mpaka kichefuchefu.

Uwanjani trekta zilipanga foleni. Nikamuuliza dereva ametoka wapi. "Musanda, mzee." Nikamgeukia Chrispinus: basi twende! Ati barabara imeharibika, matope. Matope? Magurudumu yale yalikuwa na vumbi jekundu, kavu. Nimekuwa stesheni masta miaka thelathini; visingizio vya kuchelewa navijua vyote.

Jumatano, 14 Agosti

Leo kiwanda cha bia. Niliacha pombe zamani, na Chrispinus anajua! Matangi ya chuma marefu kama minara, chupa zinapita kwenye mkanda zikigongana. Msimamizi wa zamu, Phanuel, ni mtu wa Musanda. Alituchekesha njia nzima, mpaka nilipotaja jina langu. Mkono aliokuwa ananipa akaurudisha mfukoni.

Chrispinus akamvuta nyuma ya makreti. Nikajifanya nasoma kibandiko.

"Huyu? Na mimi nilikunywa pombe yake!"

"Nyamaza, mzee. Wacha ifike Jumamosi."

Pombe gani? Ninavyokumbuka, mtu akiuza shamba majirani hunyweshwa. Wameuza! Sehemu yangu, labda na pale alipolala mama. Jumamosi wakamilishe, mimi nikiwa basini. Kesho naenda peke yangu.

Alhamisi, 15 Agosti

Musanda. Bodaboda, dakika arobaini, barabara safi. Naandika nje ya lango, juu ya kigoda nilichorushiwa.

Awinja, mjane wa Mathew, alikuwa anafagia. Aliponiona alipiga yowe — si la furaha. "Simama hapo, shemeji! Usiingie!"

Nikamuuliza nani amenunua.

"Anunue nini? Shamba lako hilo hapo, tunakulimianga tu." Kisha akakaa chini, upande wake wa lango, akanieleza. Mwaka 1985 walisikia treni imeanguka Tanzania, nami nimo. Wakangoja mwaka mzima. Wakazika shina la mgomba lililovishwa shati langu la shule. Pombe ikapikwa, watu wakalia. Msalaba upo, una jina langu. Aliyekwisha kuzikwa hapiti langoni. Akipita, anavuta wengine. Mzee wa ukoo atatoka Khwisero Jumamosi, avunje ua kwa nyuma, niingie huko. Chrispinus alitaka kunibembeleza nibaki. "Angekuambia aje? Baba mkubwa, karibu, tulikuzika?"

Nilicheka. Halafu nikashindwa kuendelea kucheka.

Sasa Chrispinus amefika mbio, Protus mdogo wake nyuma yake. Wamempigia mzee wa ukoo. Anasema inawezekana hata leo, ila kaburi langu lichimbuliwe kwanza, mgomba utolewe.

Awinja akainamisha kichwa. Kuna nini tena, shemeji?

"Mama hakukubali kaburi lingine. Alisema akifa tufungue lako, tumlaze hapo na mtoto wake. Tulimlaza."

Chrispinus anaangalia viatu vyake. Protus amesimama ndani, jembe begani.

"Unasema aje, baba mkubwa? Nichimbe?"

Nimemwambia angoje nimalize kuandika. Anangoja. Nimefungua ukurasa mwingine.