Zaburi kwa Kibende

Kawajense, Mpanda
9 Agosti 1996

Anselimo,

Tuliobaki hapa ni wazima. Mahindi ya shamba la Mwamkulu tumeshapukuchua.

Mama tulimzika Jumanne. Usiseme hukujua. Dereva wa lori la samaki alikukuta hapo misheni Karema, akakueleza, nawe ukamjibu, "Mwambie dada bado natafsiri Zaburi." Hata ulipokuja mara ya mwisho, mama hawezi kukaa, wewe ulimuuliza tu wazee wa Kibende waliitaje faraja. Akakutajia, ukaandika, ukaondoka.

Habari za Mtakatifu Yeronimo usiniletee tena, kwamba alijitenga Bethlehemu miaka na miaka akitafsiri Biblia. Huyo Yeronimo wako hakunisaidia kumgeuza mama kitandani.

Kaburini katekista alisoma zaburi uliyotafsiri. Walilia hata bibi zetu ambao Kiswahili cha kanisani huwapita. Mimi nililia kuliko wote, maana ilikuwa kama mama mwenyewe anasema, na hapo ndipo nilipokuchukia kabisa.

Arobaini yake usije. Zaburi zilizobaki, tuma.

Dada yako,
Pudensiana