Wino Kwenye Dole la Mama Mdogo

Mama mdogo,

Mwanangu Neema amefanya kitu sasa hivi mpaka nywele zimenisimama. Tumekaa kwenye benchi hapa nje ya ofisi za manispaa, mimi na yeye tu. Amesogea hadi ukingoni, akapigapiga mbao kwa kiganja, akasema, "Bibi kaa." Kisha akaangalia juu, kama anasikiliza mtu. Basi nimetoa daftari nikuandikie wakati nangoja kuitwa. Kama upo hapo, usicheke mwandiko wangu. Darasa la tano nililoishia unalijua.

Tangu tukuzike, soko hatulifagii tena. Tenda imeenda kwa kikundi kingine. Tulipokuja kulalamika, afisa akatutolea barua inayosema kikundi chetu kimejitoa, na wewe mwenyekiti umethibitisha. Chini yake kuna alama ya dole gumba lako. Hata kovu lipo, lile la ulipokatwa na mundu ukivuna mpunga kule Usevya. Na tarehe, mama mdogo, ni ile siku ulikuwa umelala chumbani kwako Mwamkulu, umefunikwa shuka, watu wanalia uani.

Wenzangu wameingiwa na hofu. Mama Pili alisema palepale, kwa sauti ya chini, "Marehemu akisema basi, ni basi. Nyie mnataka kubishana na nani?" Wengine wanasema asubuhi wanasikia fagio lako upande wa mabucha, na hakuna mtu. Mmoja mmoja wamejiondoa kwenye malalamiko. Nimebaki mimi.

Na mimi nakuogopa, sikufichi. Ila nakumbuka mimba yangu ilipokuwa kubwa, ulikuwa unafagia eneo lako na langu, msimamizi akiuliza unamwambia nimeenda chooni. Siku nzima chooni! Halafu unanigeukia: "Ukishajifungua, ufagie kama wewe ndiye utakayelala hapo." Nilikuwa nacheka. Sasa nikilikumbuka neno hilo sicheki.

Kwetu aliyemuosha maiti hasemi alichokiona mwilini. Ndiyo maana nimekaa kimya. Lakini wewe unajua nilichokiona, kwa sababu ni mkono wako. Vidole vyote ulikuwa umevikunja, isipokuwa gumba la kushoto. Lilisimama peke yake kama linangoja karatasi. Lilikuwa la zambarau. Nikadhani ni damu imeganda. Nikasugua kwa sabuni ya mche, maji kwenye beseni yakabadilika rangi, nikayamwaga migombani. Sikuuliza. Damu gani inatoka kwa sabuni, mama mdogo? Nilikuwa nimechanganyikiwa kwa kilio.

Kabla yangu, aliyekaa na wewe ni wifi yangu Skola. Alitutoa wote tukachote maji, akafunga mlango. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wetu, pedi ya wino wa muhuri ilikuwa inakaa kwenye mkoba wake. Leo ni msimamizi wa hao waliopewa tenda, anatembea sokoni na mabuti mapya. Jana alikuja nyumbani, nikiwa nachambua mchele, akakaa karibu kabisa na mimi. Akasema taratibu, "Wifi, wewe ndiye uliyemuosha. Umenyamaza vizuri. Endelea hivyohivyo." Kisha akamnyanyua Neema, akambusu. Baba Neema ni kaka yake wa tumbo moja. Nikisema leo, sijui nitarudi nyumba gani.

Lakini nisiposema, watu watakutaja kama mzimu uliowanyima wenzako kazi. Hilo siwezi. Ulianzisha kikundi na mafagio manne, ukatuita sisi tusiokuwa na kazi, wengine tuna vichanga mgongoni. Sikubali uogopwe kwa kitu ambacho hukukifanya.

Kwa hiyo nakuomba ruhusa. Nitavunja mwiko wa waoshaji, nitaeleza ile rangi, na jina la aliyefunga mlango nitalitaja. Nina imani afisa atanisikiliza, ana sura ya mtu mwenye mama. Pumzika, mama yangu. Nakuahidi tukirudishiwa soko, upande wa mabucha nitaufagia mimi, peke yangu, hata nikisikia fagio la pili nyuma yangu sitakimbia, nitakusalimia. Na Neema akikua nitamwambia bibi yake hakuwahi kujitoa

Wananiita. Nimewajibu nakuja. Mama mdogo, kama hutaki niseme, nishike mkono sasa hivi, kabla sija