Maji Safi

Shoga, usinipigie. Wala silii. Nimekaa tu kwenye benchi la maabara, kichupa mkononi.

Kile kinyama walichomkata kaka kwenye tezi ya shingo, si nilipewa mimi nikilete huku hospitali kubwa? Safari ya siku mbili. Dawa iliyokuwemo inanuka, inachoma macho. Unanijua mimi na usafi. Nikaimwaga, nikatia maji safi. Ya kuchemsha, shoga!

Mtu wa maabara kafungua, kafunga. "Nani kabadilisha dawa?"

Mimi. Ilikuwa inanuka.

"Dada, hiyo ndiyo ilikuwa inazuia kisioze."

Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Miezi sita kaka anameza vidonge, wakidhani ni kifua kikuu cha tezi, uvimbe uko palepale. Kinyama hiki ndicho kingetuambia kama ni saratani ya tezi. Nimekiozesha kwa usafi wangu.

Nikampigia kaka, nikamwambia yote. Kacheka. "Usijali, watakata tezi nyingine. Juzi nimejigusa kwapani, zimeota tatu."

Nikamjibu, "Afadhali."

Shoga, nimesema afadhali.